Fatuma, Fatma, Fatu, Batuli: tupeane uzoefu wa jina hili katika koo zetu

Habari zenu ndugu zangu. Kwetu Pangani jina la Fatuma halijawahi kukatika. Mimi ni somo wa bibi mzaa baba. Babu aliniita "mke wangu", na bibi akinikuta nimekalia mkeka husema, "Mke mwenzangu, nisogezee kidogo." Baba ndiye hakunitaja hata siku moja, jina la mama yake lilikuwa zito mdomoni, basi nikawa "mama". Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliita "Fatuma!" nikanyamaza. Nilijua anaitwa bibi.

Taabu ikaja ukubwani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, cha shule Fatma, kitambulisho Fatima. Baba alipofariki, kwenye mirathi nikaambiwa hao ni watu watatu. Nikaenda kwa wakili kuapa kwamba wote ni mimi. Iliniuma sana, maana ni baba aliyenipa jina lile. Wenzangu, kwenu likoje?

*Wa Unguja:*
Pole sana dada. Huku wengi tunaandika Fatma. Hata marehemu Bi Kidude, aliyetutoka 2013, jina lake ni Fatuma binti Baraka, na wapo wanaomwandika Fatma. Kaka yangu alipata pacha wa kike, akamwita mmoja Zahara, wa pili Batuli. Zote ni sifa za Bi Fatuma, binti wa Mtume. Mama yetu, naye Fatma, alilia akasema, "Mmenizaa mara mbili."

*Wa Mombasa:*
Nyanya yetu ni Mwanafatuma. Wajukuu wake: Fatu, Tuma na Fatma Mdogo, ambaye sasa ana miaka 52.

*Wa Muscat:*
Wazee wetu walitoka Pemba baada ya 1964. Juzi nilipiga simu Wete kutafuta jamaa, akapokea Fatma, akampa simu Fatma mwenzake. Tulipopanda hadi kwa bibi wa nne, tukakutana kwa Fatuma yule yule. Tulikaa kwenye simu mpaka alfajiri.

*Wa Pangani:*
Nimesoma yote, ahsanteni. Binti yangu ni mjamzito na jina limeshapita, ila mkwe wangu ni wa Unguja, anataka Fatma. Mimi nataka liandikwe Fatuma kama la bibi. Mliopita hapo mlikubalianaje?