Tupeane uzoefu: vibali vya kaunti, kujenga, kugawa shamba na kubadilisha matumizi ya ploti

Mama Wanne

Wadau habari zenu. Naona watu wanauliza mambo ya vibali mmoja mmoja, majibu yanapotea, sasa naomba tuweke yote hapa. Ulipitia nini na kaunti hapa Kenya ukijenga, ukigawa shamba ama ukibadilisha matumizi? Msitaje kaunti wala afisa, tuongee kuhusu jambo lenyewe.

Naanza na yangu. Mwaka wa 2021 nilikuwa na ploti ya futi hamsini kwa mia imekaa tu na majani, nikaona nijenge maduka manne mbele na vyumba nyuma. Fundi akasema tuanze, karatasi zitafuata, huku kila mtu amejenga hivo. Nikamwamini. Tukachimba msingi, tukamwaga slebu ya sakafu, tukapandisha mawe hadi kwa lenta juu ya madirisha, na pesa zote nilizokuwa nimeweka miaka sita zikaingia hapo. Asubuhi moja napigiwa simu, kufika napata X nyekundu ya kubomolewa kwa ukuta, rangi bado mbichi inachirizika kwa mawe, na notisi imepigiliwa msumari kwa mabati ya geti. Nilikaa chini kwa lundo la kokoto nikalia, sifichi.

Cha kwanza nilitaka kutafuta mtu wa kuongea naye pembeni. Dada yangu ndiye alinikataza, akaniambia soma hiyo karatasi kwanza. Kusoma nikapata makosa yangu ni mawili si moja: sina kibali cha kujenga, halafu ploti ni ya makazi na mimi naweka biashara. Na kumbe nilikuwa na siku 14 za kukata rufaa kwa ile kamati ya liezoni ya mipango ya kaunti, yaani ile inayosikiza rufaa za mambo haya, kitu sikuwahi kusikia maishani. Sheria ya mipango ya 2019 inasema ukianza kujenga bila kibali unaweza kupigwa faini hadi shilingi 500,000 ama kifungo hadi miezi miwili ama vyote pamoja. Nilisimamisha kazi, nikatafuta mpangaji miji aliyesajiliwa na akitekti, nikaanza upya kwa mlango wa mbele. Ilichukua miezi saba. Duka la kwanza lilibidi livunjwe ukuta wa mbele kwa sababu lilikuwa limeingia kwa laini ya barabara. Hayo mawe bado yako pale nyuma, kila nikiyaona naumia.

Haya, nyinyi je?

Jirani wa Kona

Yangu ni ya upande ule mwingine. Mimi ndiye niliyepinga.

Jirani alitaka kugeuza nyumba yake iwe hosteli. Akaweka bango kwa geti kama inavyotakiwa na tangazo likatoka kwa gazeti, kwamba mwenye pingamizi aandikie kaunti ndani ya siku 14. Watu wa mtaa walilalamika kwa kikundi cha simu wiki mbili nzima lakini hakuna aliyeandika barua. Nikaandika mimi, ukurasa mmoja, sikumtukana mtu. Nilisema tu nyumba iko na saptiki (tangi la maji taka) ya familia moja, iko mita chache kutoka kisima changu, na yeye analeta wanafunzi arobaini. Nikaambatisha picha ya kisima na ya saptiki.

Nilidhani itatupwa. Afisa wa afya ya umma akaja na futi kamba akapima, na kibali kilipotoka kilikuwa na sharti kwamba saptiki ihamishwe upande wa chini na iongezwe ukubwa kabla mtu yeyote hajaingia kulala. Jirani alinikasirikia karibu mwaka mzima. Saa hii tunasalimiana, na maji yangu bado nakunywa. Kwa hivyo ukiona lile bango kwa geti la mtu simama usome, usipite, manake siku zikiisha utabaki kulalamika na hakuna mahali pa kupeleka.

Fundi Mawe

Mimi ni fundi miaka 19. Nitaongea ukweli hata kama wenzangu watanikasirikia. Mama hapo juu, fundi wako alikukosea.

Ramani iliyopigwa muhuri inafaa ikae kwa saiti, si kwa droo ya nyumbani. Na mkaguzi anafaa kuona mtaro wa msingi na vyuma kabla zege haijamwagwa, manake ikishamwagwa hakuna mtu anaweza kuona kama uliweka Y12, vyuma vya milimita 12, ama uliweka vyuma vya kufungia mbuzi. Niliwahi fanya kazi ya ghorofa mbili zilizoidhinishwa, mwenyewe akaja na pesa akasema tupandishe mbili zaidi, nguzo ni zilezile, msingi ni uleule. Nikamwambia akalete ramani mpya. Akaleta fundi mwingine. Sikulipwa wiki mbili za mwisho na sijutii. Mnakumbuka jengo lililoanguka Huruma Nairobi, Aprili 2016, mvua inanyesha usiku na watu wamelala ndani? Nilienda pale kesho yake. Siwezi kusahau harufu ya simiti iliyolowa na watu wamenyamaza wakisubiri kusikia sauti.

Watu huita kibali pesa za kaunti. Mimi nakiita uhai wa mpangaji.

Kijana wa Ploti

swali tu, nimepeleka ramani miezi mitatu sasa hakuna jibu, naweza anza?

Karani wa Zamani

Kijana, nilifanya kazi ofisi ya mipango ya kaunti fulani miaka minne. Sheria inasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Lakini uko na stempu ya tarehe ya kupokelewa? Uko na risiti? Bila hizo huna pa kuanzia kuhesabu, na ukija kushtakiwa ni neno lako dhidi ya faili. Andika barua ya kukumbusha, taja ile tarehe, nakala yako ipigwe stempu pia. Mimi singemwaga zege kabla ya hiyo barua.

Niwaelezee kinachofanyika ndani, manake watu hudhani faili imekaliwa tu (na wakati mwingine kweli imekaliwa, hilo halikubaliki). Ombi lako linasambazwa kwa afya ya umma, barabara, maji, zimamoto, kulingana na unachojenga, na wanapewa siku 14 watoe maoni. Nyingi nilizoziona zikirudishwa zilikuwa na kasoro zilezile: reti (ada ya ardhi ya kaunti) hazijalipwa, jina kwa hati si la anayeomba, akitekti amepiga muhuri uliokwisha muda, ama mchoro hauonyeshi maji machafu yanaenda wapi.

Halafu kuna ile ya kugonga ofisi ambayo si yake. Tangu ugatuzi mipango iko kaunti, lakini rejista ya hati miliki iko kwa Wizara ya Ardhi, na bodi ya ardhi inayoidhinisha kuuza ama kugawa mashamba ya kilimo inaongozwa na naibu kamishna wa kaunti ambaye licha ya hilo jina ni mtu wa serikali kuu. NEMA ya mazingira na NCA ya ujenzi nazo ziko kando. Kibali cha kaunti hakikuondolei hizo zingine.

Mwalimu Mstaafu

Mimi nilinunua kipande kwa shamba lililogawanywa. Kwa ramani kuna barabara, nzuri kabisa. Nikifika pale nakuta mahindi ya ndugu wa muuzaji, yamefika kiunoni, ananiambia barabara gani. Ugawaji haukuwa umeidhinishwa na kaunti, ilikuwa mchoro wa sarveya tu na ahadi, na hati bado ni ile moja kubwa ya mzee. Miaka minne sasa. Ulizeni barua ya kuidhinisha ugawaji kabla ya kutoa hata deposti, na mwende nayo kaunti waitafute kwa faili yao.

Kijana wa Ploti

asante karani, stempu ninayo, naandika barua kesho. nyingine, kuna ploti ya bei ya chini inapakana na mto, muuzaji anasema kuacha mita mbili kutoka kwa mto zinatosha?

Karani wa Zamani

Hapana. Ni kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na inapimwa kutoka pale maji hufika yakifurika, si pale yapo leo. Nairobi mwaka wa 2018 yalibomolewa majengo ya kando ya mito ambayo wenyewe walisema yako na karatasi zote. Usiende kuiona wakati wa kiangazi. Enda Mei, angalia takataka na nyasi zimekwama kwa matawi ya miti urefu gani, halafu hesabu hatua ukirudi nyuma kutoka hapo.