Mjusi wa Tendaguru arudi Lindi au abaki Berlin?

Chanda Chema: Wadau najua hii ishu ishajadiliwa mpaka bungeni lakini kuna jamaa katuma picha kasimama chini ya yule mjusi wetu, yaani mifupa ya dinosau iliyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu, jamaa anaonekana kama njiti ya kiberiti. Mifupa ilichimbwa Tendaguru huko Lindi kuanzia 1909 mpaka 1913, tani mia mbili na kitu zikapakiwa meli. Swali moja tu, arudi au abaki? Bila matusi tafadhali.

Kipanga wa Bondeni: Abaki. Akirudi mtamweka wapi, kwenye godauni la korosho?

Mwana Lindi: Haya, ameanza. Kwanini Lindi ikitajwa lazima mtaje korosho kama vile hatuna kingine? Na hilo godauni lina bati zima kuliko nyumba uliyopanga.

Kipanga wa Bondeni: Mkuu mbona povu, nimetania

Mwana Lindi: Utani gani huo. Babu zetu wameibeba ile mifupa kichwani na mabegani siku nne kwa mguu mpaka bandarini, na hapo Maji Maji imeisha juzi tu, 1907, njaa imefagia vijiji, mtu huyohuyo aliyechomewa shamba na Mjerumani ndio anabebeshwa fupa la Mjerumani. We unaleta godauni.

Nukta Nane: Samahani nirekebishe kitu kabla hatujafika mbali. Dinosau SIO mjusi. Kila siku mjusi mjusi mjusi. Mjusi na kenge ni ukoo mwingine kabisa, dinosau ndugu zake wa karibu waliobaki ni ndege na anayefuata ni mamba. Kuku wako ana undugu zaidi na yule wa Tendaguru kuliko mjusi wa ukutani.

Shangazi wa Ilala: Yani jana nimekula chipsi dinosau na kachumbari 😂😂

Mpemba Mtulivu: Nukta Nane wewe ndo hujui, neno lenyewe dinosau limetungwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842 kwa Kigiriki na maana yake ni mjusi wa kutisha. Sasa kama aliyetunga jina kasema mjusi, wewe nani?

Nukta Nane: Kwani kiboko Wazungu si wanamwita farasi wa mtoni? Mtandike basi tandiko umpande.

Mpemba Mtulivu: Hujajibu. Unakwepa.

Kobe Mzee: Mi nataka kuuliza tu, mbona mnaidai Berlin peke yake? Mjerumani alipoondoka Mwingereza naye kachimba palepale Tendaguru kuanzia 1924 miaka kadhaa, mifupa ikaenda London. Hiyo hakuna anayeidai. Alafu yule wa Berlin sio mnyama mmoja, kaungwa kwa mifupa ya kadhaa na palipopungua wameweka plasta, hata kichwa kilichoko juu ni nakala, chenyewe kimewekwa pembeni. Tukisema arudi tunamaanisha nani hasa?

Shangazi wa Ilala: Kobe swali zuri ila turudi kwa kuku kwanza. Kuku wa kienyeji au hata wa kisasa?

Nukta Nane: Wote dada yangu. Ndege wote. Ila sio watoto wa yule mla majani mwenye shingo ndefu, wao wanatokea upande wa wale wanaotembea kwa miguu miwili wakila nyama.

Kipanga wa Bondeni: Hao wabebaji mnaowalilia walilipwa. Ilikuwa kazi ya mshahara kama kazi nyingine.

Mwana Lindi: Walilipwa!! Kodi ya kibanda unadaiwa kwa rupia, rupia anayo Mjerumani peke yake, sa hapo unachagua nini? Na mbona humtaji Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, mtu wetu, fundi wa kuitoa mifupa bila kuivunja. Karibu miaka mia ipite ndio 2007 kuna dinosau mwingine wa hukohuko Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Lindi ukiuliza mtaani hawamjui.

Kipanga wa Bondeni: Kumbe hata nyie wenyewe hamumjui, mimi ningemtajaje

Mwana Lindi: 😡

Mnyalu: Inawezekana kurudi, msikate tamaa. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Mjerumani, lilirudi na liliandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles, ule wa baada ya vita ya kwanza ya dunia, kifungu cha 246, Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi 6.

Kobe Mzee: Mkataba wa 1919. Fuvu limefika Kalenga 1954. Hiyo ndo miezi 6 yao.

Mnyalu: Lakini lilifika

Kobe Mzee: Lilifika ndio, na lile lilikuwa fuvu moja tu, linaenea kwenye boksi. Mimi naona wabaki naye ila watulipe, kila tiketi inayokatwa pale ina chetu, na hiyo hela iende barabara ya kwenda Tendaguru yenyewe maana hata huyo mtalii akija kupaona hafiki masika. Na London wajibu pia, nimeuliza hapo juu hakuna aliyenigusa.

Mpemba Mtulivu: Nukta Nane nakungoja. Mjusi au sio mjusi?

Nukta Nane: Kuku.

Mpemba Mtulivu: Basi kiumbe cha mita 13 unakiita kuku mbele ya watu wazima.

Chanda Chema: Jamani swali lilikuwa arudi au abaki

Shangazi wa Ilala: Abaki, huku tutamla

Kipanga wa Bondeni: Mwana Lindi hivi korosho zilizobanguliwa kilo bei gani huko saa hizi? Serious.

Mwana Lindi: Njoo inbox. Ila anza na samahani.