Eti ovataimu ya mhudumu ni dola 3.20?! Yule bwana aombe radhi LEO

risiti_mkononi:
Wakuu, mnamjua. Simtaji, maana nikitaja tai yake tu mtamalizia jina wenyewe. Mshauri wa mishahara wa nusu ya wenye migahawa wa kwetu huku Marekani, anayeanza kila sentensi na "kisheria". Jana usiku yuko laivu, waajiri wanaandika kwenye madaftari, kaulizwa mhudumu wa tipu akizidisha saa 40 kwa wiki alipweje. Akakohoa kama waziri, akasema: "2.13 mara moja na nusu, dola 3.20. Watu wa tipu hawana kima cha chini, wana kima cha tabasamu."

KIMA CHA TABASAMU. Na wakacheka!

Kima cha chini cha shirikisho ni 7.25 tangu Julai 2009, kwa mwenye tipu na asiye na tipu. Hiyo 2.13, ambayo haijasogea tangu 1991, ni taslimu ya chini anayotoa mwajiri, 5.12 inayobaki anaruhusiwa kujihesabia kutoka kwenye tipu za mhudumu. Kwa hiyo ovataimu inaanzia juu: 7.25 mara moja na nusu ni 10.875, toa 5.12, inabaki 5.755, yaani 5.76. Huyu bwana kaanzia chini, kwenye 2.13, ndiyo maana kaangukia 3.20. Dola 2.56 zimeyeyuka kila saa, halafu tabasamu!

Mtu anatabasamu saa 45 mpaka mashavu yanaota sugu, unamlipa 3.20!

Mkoba_Mweusi:
Na hapo kasahau wiki mbovu. Saa 30 kwa 2.13 ni 63.90. Tipu zikiwa 120, jumla 183.90, na kima cha chini kinataka 217.50. Mwajiri aongeze 33.60 yake mwenyewe. Na hesabu ni ya wiki moja moja: huwezi kuchukua wiki ya sikukuu iliyofurika ukazibia wiki ya wageni wanne.

bibi_wa_kaunta:
Mleta uzi povu hilo ungeoshea vyombo vya mgahawa mzima. Kwani 3.20 imekuoa?

risiti_mkononi:
Bibi, kasema kima cha tabasamu. Kwa sauti. Kuna mtu kapigia mstari!

Jirani_wa_Oregon:
Huku mnatuchosha na 2.13 yenu. Oregon, Washington, California, Nevada, Montana, Minnesota na Alaska mwajiri hajihesabii tipu hata senti. Mhudumu anapata kima kamili cha jimbo, tipu juu yake. Hameni.

bibi_wa_kaunta:
Hameni, na kodi ya nyumba tulipe kwa tabasamu.

sufuria_namba_9:
Nyie wahudumu mnalia nini, jikoni ndiko kuna msiba. Bosi akishajihesabia ile 5.12, mpishi na muosha vyombo hawaruhusiwi kwenye kapu la tipu la lazima, lile la kuchanganya tipu za wote na kugawana. Akilipa wote 7.25 kamili taslimu, ndipo anaweza kutuingiza. Anachagua 2.13, halafu anatuambia "sheria imewatenga".

Mkoba_Mweusi:
Kweli, ila meneja na msimamizi hawachoti kwenye kapu hata siku moja, mwajiri ajihesabie tipu au asijihesabie. Iliwekwa wazi kwenye sheria Machi 2018. Meneja ana haki ya tipu aliyoachiwa kwa huduma aliyoitoa yeye peke yake, moja kwa moja. Kubeba trei moja Ijumaa hakumpi mgawo wa meza zote.

Tozo_Tupu:
Afadhali nyie mna kapu la kugombania. Ile asilimia 18 inayochapwa kwenye bili ya meza kubwa, mteja anaiona kama tipu, anaondoka bila kuacha kitu. Ikiwa ni ya lazima basi ni tozo, mali ya mwajiri. Akiigawa kwa wahudumu, inahesabika kama mshahara na inaingia kwenye hesabu ya ovataimu. Asipoigawa, basi tena. Hiyo ndiyo ya kuanzishia uzi.

risiti_mkononi:
Jamani uzi ni wa 3.20! Hata lile sharti la kumjulisha mhudumu mapema kakanyaga. Asipoambiwa kabla kwamba analipwa taslimu kiasi gani, bosi anajihesabia kiasi gani, na kwamba tipu ni zake isipokuwa zile za kapu halali, ile 5.12 haipo. Unalipa 7.25 nzima kwa kila saa. Kaulizwa hilo kajibu "watajua wenyewe"!

Mnyonge_Mpole:
Glasi zilizovunjika? Wanakata.

Mkoba_Mweusi:
Wa 2.13 hakatwi glasi, sare, upungufu wa kaunta, wala bili ya mteja aliyetoroka. Keshasimama kwenye kima cha chini. Ukikata chochote umemshusha chini yake.

zamu_ya_asubuhi:
Mnasahau mwizi mkubwa: saa ya kugonga kadi. Kusawazisha muda kwenye robo saa iliyo karibu kunaruhusiwa kama kunakwenda pande zote mbili. Ukigonga 2:07 asubuhi inarudi 2:00, ukigonga 2:08 inaruka 2:15. Mashine nyingi zimefundishwa upande mmoja tu: kuingia zinapandisha, kutoka zinashusha. Hapo siyo kusawazisha, ni kukata.

sufuria_namba_9:
Aisee hapo umegusa jikoni kabisa. Na mapumziko je?

zamu_ya_asubuhi:
Wakikupa ya dakika 5 hadi 20, yanalipwa. Nusu saa ya kula hailipwi, mradi umeachiliwa kazi kabisa. Ukiwa unakula huku unachungulia oda, muda huo ni kazi.

bibi_wa_kaunta:
Mashine yetu inakata nusu saa yenyewe, ule usile.

Tozo_Tupu:
Yenu inakata nusu? Kuna zinazokata dakika 45.

zamu_ya_asubuhi:
45! Ya kampuni gani hiyo? Usitaje. Ile ya skrini ya bluu?