Naomba ushauri: viazi mviringo Umalila, bahati inaishia wapi na juhudi inaanzia wapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Huku Mbeya viazi vikikubali watu husema "ana nyota", vikikataa "hana bahati". Mimi naona sehemu kubwa ya bahati hiyo ni mbegu na dawa. Nafasi ya sm 75 kwa 30 inatoa mashina kama 18,000 kwa ekari, lakini mbegu ikiwa na mnyauko hesabu hiyo haina maana. Kata shina linalonyauka, lining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya kupulizia inayouponya.

Ukungu nao: mankozebu gramu 50 kwa pampu ya lita 20 inakinga tu, haitibu. Wengi wanaanza kupiga dawa majani yakishakuwa na madoa meusi, tena juu tu, upande wa chini haujaguswa. Mvua za Umalila zikikaza, siku 7 zisipite bila kupiga tena.

Bei ndiyo siiwezi. Malori yakija mengi mna raha, yasipokuja ni lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) na bei ya kutupa.

Naombeni ushauri: nigawe ekari mbili kwa awamu, nusu nipande wiki tatu baadaye ili nisivune zote siku moja? Hofu yangu ni ukungu wa shamba la kwanza kuhamia kwenye machipukizi ya la pili. Mliojaribu, mliacha umbali gani, na upepo mliupangaje?