Fremu mbili mbele ya nyumba yangu nazo zinataka kibali cha ujenzi?

MLANGO WA UANI
Wakuu, salaam. Nina nyumba ya vyumba vitatu, nimejenga 2011. Kiwanja nilinunua kwa ile karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, mhuri upo, mashahidi wanne, wawili wameshatangulia mbele ya haki. Mwezi uliopita nikaona mbele pana nafasi, nikamwita fundi tukachimba msingi wa fremu mbili za duka. Tumefika kozi ya saba ya tofali wakaja vijana wawili na mtendaji, wakapaka X nyekundu na kuniachia karatasi: simamisha ujenzi, huna kibali. Nikauliza, na nyumba je? Wakasema hata hiyo ina maswali.

Sasa swali langu ni dogo. Ni ujenzi gani hasa unaotaka kibali? Choo cha nje? Uzio? Banda la kuku? Na kama fundi wangu ana miaka 25 kazini hajawahi kuangusha hata ukuta, michoro ya injinia ni ya nini? Wilaya siitaji, nisije nikapakwa X ya pili. Nawasilisha.

KIPIMO SAHIHI
Mkuu, mjini ukijenga kipya, ukiongeza, ukibomoa ujenge upya, au ukibadili matumizi, unaomba kibali halmashauri KABLA ya kuchimba. Wewe umenasa mara mbili: umeongeza jengo, na umegeuza makazi kuwa biashara. Uzio nao unaombewa. Kupaka rangi na kuziba ufa hakuna atakayekufuata. Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, si lazima ushinde kwenye benchi na bahasha kwapani.

Ila hilo la fundi umeniudhi. Hajaangusha ukuta kwa sababu hajawahi kuubebesha kitu. Mpe slabu uone.

NONDO 16
Kipimo ulianza vizuri ukamalizia kwa dharau. Mimi ni fundi, darasa la saba, na slabu nimemwaga. Mtaa wa Indira Gandhi, Dar, Ijumaa Kuu ya 2013, ghorofa 16 zililala chini na watu 36. Lile lilijengwa na fundi wa mtaani? Wenye vyeti ndio walikuwa pale.

KIPIMO SAHIHI
Na kibali chake kilikuwa cha ghorofa 16? Kilikuwa cha pungufu, wakaendelea kupandisha. Hiyo si hoja ya kufuta kibali, ni hoja ya watu kwenda saiti kukagua.

NONDO 16
Ahaa. Kwa hiyo anayepandisha ghorofa katikati ya jiji mchana kweupe haonekani, ila kozi saba za tofali mwisho wa lami zinaonekana. Asante, nimeelewa.

UPEPO WA PWANI
Tuambiane ukweli. Miji yetu imeharibiwa na watu kama mleta mada. Nyie wa Mbagala na huko Goba mnajenga kama mnapanda mihogo, kila mtu anachomeka palipo na tope. Zimamoto haiingii, jeneza linapitishwa juu ya ukuta wa jirani, halafu mnalia serikali haiwajali.

BINTI RANGI TATU
Hebu rudia hapo kwenye mihogo.

UPEPO WA PWANI
Nimesema mnajenga kama mnapanda mihogo. Kuna uongo?

BINTI RANGI TATU
Mihogo tunapanda, na nyie mnaifuata ufukwe wa Coco jioni na magari yenu, mnawekewa pilipili na kachumbari, mnapiga picha. Msitufanye wajinga. Marehemu baba amejenga Mbagala wakati pale ni mikorosho, hakuna mpimaji aliyewahi kukanyaga. Alipoulizia viwanja vilivyopimwa akaambiwa fomu zimeisha. Alikuwa alale juu ya mkorosho asubiri mchoro wa mipangomiji?

Na kingine. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, huo umeme wa kulipia kabla. Ilianza buku, yaani elfu moja, kwa mwezi, ikaja buku na mia tano. Nyumba yangu ikitakiwa kulipa inajulikana mpaka namba ya mita. Ikitaka kibali, ndiyo "eneo halijapimwa".

MZEE WA JALADA
Binti yangu, kodi si uhalali. Hata aliyejenga bondeni anakatwa kwenye LUKU. Nimekaa masijala ya ardhi miaka mingi kabla ya kustaafu, hilo ndilo linalowaponza wengi: mtu anakuletea risiti za kodi kumi na mbili akidhani ni hati.

UPEPO WA PWANI
Mimi sipendi mihogo, kwa taarifa yako.

BINTI RANGI TATU
Shikamoo mzee wangu, nimekuelewa. Huyo wa upepo namwachia Mungu.

SHANGANI JUU
Nyinyi mnalalamikia fremu. Huku kwetu Mji Mkongwe, Zanzibar, ukitaka kutoa dirisha la mbao utie la alumini unataka ruhusa, maana mji uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Na juu ya masharti yote hayo jumba la kale la Beit al-Ajaib likaporomoka siku ya Krismasi 2020, likiwa linakarabatiwa, wakafa wawili.

NONDO 16
Sasa wewe umekuja kusaidia upande gani?

SHANGANI JUU
Nimekuja kusema tu.

MAMA VITENGE
Nina meza Kariakoo, kwa hiyo niruhusuni. Novemba 2024 lile jengo liliposhuka ilikuwa Jumamosi asubuhi, tunafungua. Walikufa zaidi ya ishirini. Ilisemwa kwamba chini kulikuwa kunachimbwa kuongeza nafasi ya biashara huku wapangaji wako juu na mizigo yao. Jengo halikuwa jipya, lilikuwa la siku zote, tumelizoea. Kwa hiyo mleta mada anapouliza "kwani kuongeza kidogo nako kunataka kibali", mimi naona hapo ndipo hasa panapotaka. Jengo jipya kila mtu analitolea macho. La zamani likianza kuchokonolewa nani anajua? Sisi tulisikia mashine siku kadhaa, tukadhani ni mafundi wa maji.

KAKA WA KIMARA
Yote sawa, ila mihogo ya Mbagala na ya Coco si moja. Ya Coco inatoka Mkuranga.

BINTI RANGI TATU
Na Mkuranga unafika bila kupita Mbagala? Mnatukimbilia wapi?

KAKA WA KIMARA
😂😂 Nimekubali. Tukirudi kwenye X, mimi naijua. 2017 Kimara tulipitiwa na katapila kwa ajili ya hifadhi ya barabara ya Morogoro. Tulikuwa na umeme, maji, na posho ya mtendaji ya kila msingi unaochimbwa. Siku ya katapila mtendaji simu haipatikani. Ushauri wangu kwa mleta mada: kabla ya kibali, kajue huo mbele wako ni kiwanja chako au ni barabara. Watu wengi wanajenga fremu kwenye njia ya serikali halafu wanabishania michoro.

NJIA YA MKATO
Mnamzungusha mwenzenu. Ndugu, fundi aje Ijumaa baada ya saa za kazi, mpige usiku na wikiendi yote, Jumatatu wakute bati liko juu. Wale vijana wape hela ya soda. Mtaa mzima umejengwa hivyo.

KIPIMO SAHIHI
Usimfuate huyu. Ukishapewa karatasi ya kusimamisha halafu ukaendelea, umetoka kwenye kosa la kutojua ukaingia kwenye ukaidi, na huko wakibomoa huna pa kushika.

NJIA YA MKATO
Wewe umejenga kwa kibali?

KIPIMO SAHIHI
Nimepanga.

NONDO 16
😂😂😂 Mtaalamu wa vibali amepanga! Funga uzi.

KIPIMO SAHIHI
Kupanga ni dhambi? Ninayemjua mimi ana nyumba tatu hazina hata shimo la maji taka la maana, anaitwa fundi.

NONDO 16
Mnijadili nikiwepo.

MZEE WA JALADA
Nyamazeni kidogo. Mleta mada, bila hati halmashauri inaweza kukwama kukupa kibali, kwa sababu kibali kinakaa juu ya kiwanja kinachotambulika, na chako bado. Nenda serikali ya mtaa uulize urasimishaji, yaani kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila mpango, umefika wapi. Kama eneo lenu liliwahi kuingizwa kwenye leseni za makazi, ulizia na hiyo. Omba uone mchoro wa mipangomiji kama upo, utazame barabara imepita wapi. Kijana wa Kimara amesema jambo la maana katikati ya mihogo yake. Fremu za chini si ghorofa, mchoro wake si wa kuuza ng'ombe. Wakati huo usiongeze hata tofali.

MLANGO WA UANI
Mzee wangu shikamoo na asante. Nitakwenda Jumatatu. Tatizo langu ni kwamba kusubiri ndiko siwezi. Sikutaka kulisema hapa, ila fremu moja nimeshachukua kodi ya miezi sita kwa dada mmoja wa saluni, na hela ndiyo iliyonunua tofali.

NONDO 16
Weee!

UPEPO WA PWANI
Mnaona? Mihogo hiyo.

MAMA VITENGE
Mrudishie mtoto wa watu hela yake.

MLANGO WA UANI
Nitarudisha nini, mama, tofali?

BINTI RANGI TATU
Samahani mleta mada, na hiyo fremu ya pili ina mtu?