Once Upon a Time, "Red-Handed": Bibi alikuwa na haki ya kumficha Red?

BintiWaHadithi

Wadau salaam. Mada hii ni ya waliokwisha kuitazama Red-Handed, sehemu ya 15 ya msimu wa kwanza wa tamthilia ya televisheni Once Upon a Time, ile iliyorushwa na ABC ya Marekani Machi 2012. Kama hujafika hapo, ishia hapa, maana siwezi kuuliza swali langu bila kumtaja mbwa mwitu ni nani.

Kwa waliosahau: kijiji kimefunikwa na theluji, na mwezi unapokuwa mpevu mbwa mwitu anaua mifugo na watu. Bibi anafunga milango, anagongelea vibao madirishani, anashika upinde wake wa kufyatua, na anamshurutisha mjukuu wake Red alale na joho jekundu. Red anaona ni woga wa uzee tu. Moyo wake uko kwa Peter, kijana anayekuja kumwita dirishani usiku. Asubuhi anaingia bandani kuokota mayai, anamkuta msichana mgeni kajibanza mle akiyaiba. Ni Snow White, anayemkimbia malkia mwovu Regina. Wanakwenda pamoja kisimani, ndoo inapanda na damu, na wanaume waliotoka kuwinda wametapakaa kwenye theluji.

Wasichana hawa wawili wanafuata nyayo za mnyama. Njiani zinageuka kuwa nyayo za kiatu, kisha zinaishia dirishani kwa Red. Red anapiga hesabu: aliyekuja dirishani ni Peter, basi Peter ndiye. Wala hamkimbii. Anamweleza ana kwa ana, anamfunga minyororo mtini asije akadhuru mtu, na anakaa naye usiku huo. Snow anabaki kitandani kwa Red, kajifunika joho, ili Bibi asishtuke. Bibi anapogundua, na kuambiwa Red yuko wapi na yuko na nani, huruma yake ya kwanza inakwenda kwa Peter. Hapo ndipo damu ilipoganda mwilini mwangu, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa vile vibao vya madirishani vilikuwa vinamzuia nani: Red mwenyewe ndiye mbwa mwitu, naye usiku ule anamuua Peter bila kujua.

Swali langu ni hili: kifo cha Peter kiko mikononi mwa nani? Mimi nasema kwa Bibi, na nasema hivyo huku nikimpenda. Beverley Elliott amemwigiza vizuri mno hivi kwamba nilitaka kumtetea hadi dakika ya mwisho. Lakini tazameni alichofanya. Anasimulia, Red akisikia, jinsi baba yake Bibi na kaka zake sita walivyotoka kupambana na mbwa mwitu na hawakurudi, na jinsi yeye mwenyewe alivyong'atwa. Kovu analo. Yaani anampa mtoto nusu ya kisa, ile nusu inayotisha, na anaifungia kabatini nusu inayomhusu. Joho lina uchawi wa kumzuia asigeuke, sawa. Lakini kinga ambayo mvaaji hajui inamkinga na nini, ataivua siku atakayoona inamzuia kwenda anakotaka kwenda. Msichana mwenye mchumba, tena!

Nimelelewa na bibi. Kuna jambo kuhusu ugonjwa wa mama yangu ambalo alilibeba peke yake kwa miaka mingi, na nililijua nikiwa mtu mzima, kwa njia mbaya, kutoka kwa mtu baki. Sikuacha kumpenda. Ila najua yule anayefichwa anavyoishi: anajenga maelezo yake mwenyewe kwa vipande alivyonavyo, na maelezo hayo yanakuwa na mantiki nzuri kabisa na bado si kweli. Ndivyo Red alivyomfikia Peter. Hakukosa akili hata kidogo. Alifuata nyayo vizuri kuliko wanaume wote wa kijiji.

La pili, dogo: ule upande wa Storybrooke, mji wa siku hizi ambamo wahusika haohao wanaishi kwa majina mengine, Ruby (yaani Red) anagombana na Bibi, anaacha kazi mgahawani na kwenda kumsaidia sherifu Emma ofisini kwake. Wengi wanauona umepwaya. Nyie mnauonaje?

---

Mlinzi_wa_Daraja

Dada, umeandika vizuri, lakini umemhukumu bibi wa watu kabla hujamsikiliza.

Niambie angemwambia siku gani. Red hawezi kumficha Peter kitu. Ushahidi umeutoa wewe mwenyewe: mara tu alipoanza kumshuku kuwa ni muuaji, alimwendea na kumwambia usoni. Msichana wa namna hiyo ungempa siri hii asubuhi, jioni Peter anayo, na kijiji kile kilikuwa tayari kimebeba silaha. Kila nyumba ilikuwa na maiti wake. Nani angesubiri kuelezwa kwamba Red hajui anachofanya usiku? Wangemuua akiwa amelala, akiwa na umbo lake la mtu.

Halafu kumbuka Bibi alivyokuwa akiishi. Ana mishale yenye ncha ya fedha. Kila mwezi mpevu anakesha na silaha ambayo, mambo yakiharibika, itabidi amfyatulie mtoto aliyemlea. Na usiku ule anamfyatulia kweli, Snow akiwa ndiye anayefuata kuraruliwa. Red anafunikwa joho, anarudi kuwa msichana, anauliza nini kimetokea. Wanakijiji wanakuja. Bibi anawaambia Red na Snow wakimbie, yeye anabaki. Huyo ndiye mtu unayemtwika kifo cha Peter?

Kosa lake ninalolikubali ni moja: alilitegemea joho peke yake.

---

MkusanyaNgano

Mimi nimesoma ngano hizi kwa muda mrefu, na naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo waandishi wa sehemu hii walilishika barabara.

Ngano ya msichana wa kofia nyekundu iliandikwa na Charles Perrault nchini Ufaransa mwaka 1697. Kwake msichana analiwa na kisa kinaishia hapo. Hakuna mwindaji. Ndugu Grimm walipoitoa kwao Ujerumani mwaka 1812 ndipo alipoingia mwindaji anayempasua mbwa mwitu tumbo kwa mkasi, bibi na mjukuu wakatoka wazima. Sasa tazameni: kwa Perrault na kwa Grimm pia, kofia ile nyekundu inatoka kwa bibi. Yeye ndiye aliyemfanyia mjukuu wake kitu kinachomtambulisha popote aendapo. Hakuna anayeuliza kwa nini bibi alitaka mtoto avae nyekundu. Red-Handed inauliza, na inatoa jibu. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya kusimulia ngano upya: kutafuta pale ambapo kisa cha zamani kiliacha mlango wazi, na kuingia.

Zipo pia simulizi za mdomo za Ufaransa, zilizoandikwa karne ya 19 na baadaye kuchambuliwa na Paul Delarue. Humo anayemngoja msichana si mnyama wa kawaida, ni mtu anayegeuka mbwa mwitu. Anamfanya msichana ale nyama na anywe damu ya bibi yake bila kujua. Bila kujua, BintiWaHadithi. Kitisho cha kwamba mtoto mwenyewe amekula mtu na hana habari si uzushi wa televisheni. Kilikuwamo zamani, Perrault akakiondoa alipoipeleka ngano kwenye kumbi za wakubwa. Na katika simulizi hizo hakuna wa kumwokoa, msichana anajiokoa kwa ujanja wake.

Kuhusu bibi mwenye silaha: watu wengi hawajui kwamba Grimm wana kisa cha pili mwishoni mwa kile cha kwanza. Mbwa mwitu mwingine anapanda juu ya paa kumvizia msichana. Bibi anamwambia mjukuu wake ajaze hori la nje maji yaliyochemshiwa soseji. Mbwa mwitu ananusa, ananyoosha shingo, anateleza, anatumbukia na kufa. Hapo bibi na mjukuu wanafanya kazi moja, kila mmoja akijua mbwa mwitu yuko wapi. Kwa hiyo kwa swali lako mimi niko upande wako. Bibi wa Grimm alishinda kwa sababu alimshirikisha mtoto.

---

Kisima_Kirefu

Nijibu lile la Storybrooke, maana ndilo ninalolipenda.

Ruby anampata David, mume wa Snow kule kwenye ngano, akizurura msituni na hawezi kueleza amejuaje. Emma anamtuma darajani, anafukua kasha, ndani kuna moyo wa mtu, na alama za vidole zilizokutwa kwenye kasha ni za Mary Margaret, yaani Snow wa mjini. Meghan Ory, anayemwigiza Ruby, anapopiga ukelele pale, si woga wa kuona moyo tu. Ni mtu aliyegundua kwamba kuna kitu ndani yake kinachonusa mauti, na hajui kimetoka wapi.

Watu wote wa mji ule wameishi miaka 28 bila kujijua kwa sababu ya laana ya Regina. Kwa maneno mengine, Regina ameufanyia mji mzima kile Bibi alichomfanyia Red. Bibi kwa mapenzi, Regina kwa chuki, lakini aliyefichwa yuko gizani vilevile. Ukiutazama hivyo, upande wa Storybrooke haujapwaya hata kidogo.

---

BintiWaHadithi

Kisima_Kirefu, hilo la Regina sikuwa nimelifikiria, na limenikaa. Linanifanya nimsamehe Ruby kurudi mgahawani, kitu kilichokuwa kinaniudhi. Mwanzoni niliona waandishi wamemrudisha ndani kama mtoto aliyeadhibiwa. Lakini Bibi anapomwambia kuwa alitaka kumwachia mgahawa uwe wake, ni mara ya kwanza anamwambia anachowaza badala ya kumpa amri.

Mlinzi_wa_Daraja, nimekusikiliza kuhusu kijiji, na hofu ya umati naikubali. Lakini tumlinganishe Bibi na Bibi mwenyewe, baadaye, Peter akiwa ameshakufa na siri imeshapasuka. Red aliambiwa kwamba mama yake aliuawa na wawindaji. Tunafika msimu wa pili, Child of the Moon, na Anita yuko hai! Anaongoza kundi la wenzake wanaogeuka, na anasema Bibi alimwibia mtoto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuja, kikamuumbua, na bado akaendelea kuficha. Usiku wa Peter angeweza kusema hakuwa na njia nyingine. Hili la mama, hapana.

Na lililoniuma zaidi ni anachofundishwa Red na Anita: ukimkubali mbwa mwitu aliye ndani yako, unabaki na akili zako ukiwa katika umbo lake, unakumbuka, unachagua. Maana yake Red angeweza kujifunza. Miaka yote ile ya joho na vibao ingeweza kuwa miaka ya kujifunza, na Peter angekuwa hai.

---

Mlinzi_wa_Daraja

Kuhusu uongo wa mama sina utetezi, dada yangu. Ule ulikuwa uchoyo.

Lakini malizia Child of the Moon yenyewe. Huyohuyo Anita aliyemfundisha mtoto kujitawala ndiye aliyeamuru Snow auawe, na kutaka Red naye ashiriki. Red anakataa, anamzuia, na mama yake anakufa mikononi mwake pasipo yeye kukusudia. Anita alimwambia Red ukweli wote juu ya mwili wake, kisha akamtaka asahau kwamba watu nao ni watu. Bibi alimdanganya, lakini aliyemlea Red hadi akawa mtu wa kusimama mbele ya mama yake na kukataa kumuua Snow, ni Bibi. Tabia ile haikutoka kwa Anita.

---

MkusanyaNgano

Wote wawili, rudieni ule upande wa Storybrooke wa sehemu hiyohiyo. Uchawi umerudi mjini, mwezi unakaribia kuwa mpevu, joho halijulikani liliko. Bibi ameimarisha chumba cha baridi cha mgahawa ili Ruby afungiwe mle. Ni kufuli tena, ni Bibi tena, lakini safari hii Ruby anajua sababu na anaingia kwa miguu yake mwenyewe. Anavunja mlango, ndiyo, na asubuhi mtu amekutwa ameuawa na kila mtu anamshuku yeye, hata yeye anajishuku, ingawa si yeye aliyeua. Tofauti ni kwamba sasa Bibi na David wanatoka pamoja kulitafuta joho, na hakuna anayemdanganya Ruby kuhusu joho hilo ni la nini.

BintiWaHadithi, kwa swali lako la kwanza mimi ningeweka mzani hivi: usiku wa Peter Bibi anabeba sehemu kubwa, wala si yote, kwa sababu wanaume wa kijiji waliofanya isiwezekane kusema ukweli nao wana fungu lao.

---

BintiWaHadithi

Fungu lao nalikubali. Bado la Bibi naliona kubwa zaidi, kwa sababu Red alikuwa akimuuliza yeye, si wao.