Mama kaja kusalimia wajukuu kaondoka na bili ya hospitali: hivi mgeni alipe au asilipe?

mtoto_wa_mwisho

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote humu shikamooni. Naombeni mnisaidie maana mi na mke wangu tumebishana hii kitu wiki nzima mpaka tukanuniana.

Iko hivi. Mama yangu ana miaka 71, alikuja huku Uingereza mwezi wa pili kwa visa ya matembezi, ile ya miezi sita, kuona wajukuu. Wiki ya tatu akaanza kukohoa, tukasema ni baridi tu itamzoea, mara usiku mmoja pumzi inakatakata nikampakia kwenye gari mbio emajensi. Pale sina neno, wamempokea vizuri mno, kashawekewa oksijeni hata jina lake sijamaliza kulitaja. Baadaye daktari akasema ni nimonia, inabidi alazwe. Sawa. Kesho yake mchana nimekaa pembeni ya kitanda namlisha supu, akaja dada mmoja kavaa nguo za kawaida, si nesi, kakumbatia faili, anatabasamu, akavuta kiti akakaa, akaniuliza huyu mama anaishi nchi hii au kaja kutembea? Mama Kiingereza hajui hata kidogo, akadhani ni daktari, akaanza kumwonyesha kwa mkono kifua kinapobana na yule dada anaitikia kwa kichwa tu. Mi ndo nikaelewa ni nini. Akaomba pasi ya mama, akaitoa kopi, akanipa karatasi nisaini nikasaini.

Kalala siku nne, kapona, karudi nyumbani salama. Bili imekuja paundi elfu sita na ushee. Bima tulimkatia ile ya bei chee, nao wamegoma, wanasema mama ana presha na kwenye fomu hatukuitaja. Presha na nimonia wapi na wapi jamani!

Sasa hoja yangu, mimi nakatwa kodi na ile bima ya taifa kila mwezi mwaka wa tisa huu, na visa zangu zote za mwanzo nililipia ada ya afya juu ya hayo makato. Hospitali ni ya umma, mgonjwa ni mgonjwa. Wife anasema mgeni ni mgeni, kama tuna hela ya tiketi ya ndege tuna hela ya daktari. Nyie mnaonaje?

nesi_wa_zamu_ya_usiku

Pole sana mdogo wangu, mshukuru Mungu mama kapona, hela inatafutwa.

Niko wodini huku England miaka 14 kwa hiyo haya mambo nayaona kila wiki, ngoja nikuwekee sawa kwanza maana watu wengi wanachanganya. Emajensi ni bure kwa binadamu yeyote, hata kama umeshuka uwanjani nusu saa iliyopita. Ila bure yenyewe inaishia pale daktari anaposema alazwe, au akupe tarehe ya kurudi kliniki, kuanzia hapo mita inasoma. GP (daktari wa mtaani unayeanzia kwake kabla ya hospitali) naye bure, mgeni anaweza kujiandikisha kwa muda akaonwa, wengi hawajui hilo wanakaa na mgonjwa ndani mpaka anazidiwa. Kwa hiyo mtu anayesema wageni wanalipa kila kitu anakosea, na anayesema hawalipi chochote anakosea pia.

Kuna magonjwa ambayo halipishwi mtu yeyote: TB, malaria, kipindupindu, Kovidi, HIV iliongezwa 2012. Hapo serikali haijakuonea huruma wewe, inajilinda yenyewe, maana ukimwogopesha mwenye TB na bili anaenda kukohoa kwenye basi. Nimonia ya kawaida haimo. Yani mama angekutwa na TB angetibiwa miezi sita bila kutoa senti, kwa kuwa ni nimonia, elfu sita. Ndo sheria zilivyo. LAKINI sikia hili, kipimo cha ugonjwa ulioko kwenye ile orodha nacho hakilipiwi hata kama majibu yametoka hana. Mzee wa miaka 71 anakohoa hivyo, lazima walimpima Kovidi na huenda na TB. Omba mchanganuo wa bili mstari kwa mstari.

Kuhusu swali lako, mi sina shida na mgeni kulipa. Shida yangu ni hofu. Kuna dada alikuja kwetu mimba ya wiki 34 hajawahi kupimwa hata mara moja, presha iko juu, miguu imevimba viatu haviingii kaja na ndala kwenye theluji. Mwenzake wa kazini alimwambia ukienda hospitali unaletewa bili halafu wanakurudisha kwenu. Uzazi hawaruhusiwi kukukatalia wala kukucheleweshea kwa sababu ya hela, bili inakuja baadaye kweli ila huduma unapata, na yeye hakujua. Tulimwahi yeye na mtoto. Hizo siku alizolala kwa kuchelewa kuja zilikula hela kuliko kliniki zote ambazo angehudhuria tangu mwanzo, hesabu hiyo sijui nani anaipiga.

mzee_wa_hesabu

Mimi nilikaa ofisi ya malipo ya hospitali miaka sita kabla sijahamia kazi nyingine, na nasema mgeni ALIPE. Najua nitashambuliwa, poa tu.

Bwana mdogo umesema unakatwa kodi. Sawa, lakini makato yako ni ya matibabu yako wewe na wanao na yule bibi wa kizungu jirani yako, mama yako hayumo. Ukitaka kila anayekatwa kodi awalete wazazi wake watibiwe bure basi tujumlishe wote tulioko huku tuone. Afu kilichopimwa pale si pasi wala rangi, ni makazi. Mwingereza kabisa mzaliwa wa huku akihamia Dubai akakaa miaka kumi, akija likizo akavunjika nyonga, anachajiwa kama mama yako. Niliwahi kumpelekea bili mzee mmoja wa hivyo, alinitukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia tena, ananiambia baba yangu alipigana vita kwa ajili ya nchi hii. Nikamwambia mzee wangu sikatai, saini hapa.

Bei nayo muielewe. Mgeni asiye na msamaha wowote anatozwa asilimia 150, yani gharama ile ambayo hospitali ingelipwa kwa mgonjwa wa kawaida, mara moja na nusu. Ndo maana unaona elfu sita kwa siku nne. Nchi zenye mkataba na Uingereza watu wao wana nafuu, Ulaya, Australia, New Zealand, Afrika Mashariki hakuna hata moja. Na tangu Oktoba 2017 kama tatizo si la haraka hospitali inatakiwa ichukue hela kwanza ndo ikuguse.

Na msidhani ni mambo ya juzi. NHS, yani huduma ya afya ya umma ya huku, ilianza Julai 1948, sheria ya kuruhusu kuwatoza wageni ilipita 1949, mwaka mmoja tu baadaye! Wakaikalia mpaka 1982 ndo kanuni za kutoza zikatoka. Kwa nini waliikalia? Kwa sababu kudai ni kazi kuliko kutunga sheria. Bili nilizokuwa natuma nje ya nchi zilikuwa kama barua kwa mpenzi aliyehama, unaandika, unaandika tena kwa wino mwekundu, kimya. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kosa si kumtoza mgeni, kosa ni kumtoza akiwa kitandani na dripu mkononi. Mtoze kwenye visa. Wanaokuja kukaa zaidi ya miezi sita wanalipa ada ya afya kabla hata hawajapanda ndege, ilianza 2015 paundi 200 kwa mwaka, sasa hivi tangu Februari 2024 ni 1,035. Wa miezi sita kushuka chini hawalipi hata mia. Weka hapo kiasi kidogo kila mtu achangie, mambo ya kuviziana wodini yaishe.

pwani_moja

Zanzibar ndo walichofanya hicho, tangu Oktoba 2024 mgeni kabla hajaingia anakata bima ya dola 44, asiyeumwa na anayeumwa. Wazungu walilalamika wee, wakalipa, wakaenda kuogelea.

dada_mkorofi

Mzee wa hesabu unaongea vizuri ila umeruka sehemu moja. Huyo mgeni unamjuaje kuwa ni mgeni?

Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha hiyo NHS, aliulizwa hilihili swali miaka ileile ya mwanzo, na jibu lake lilikuwa la akili sana: ukitaka kumtambua asiye wa hapa inabidi kila aliye wa hapa atembee na ushahidi kwamba ni wa hapa. Sasa kwa kuwa wazungu hawakubali kutembea na vitambulisho, wanaoulizwa ni nani? Mimi na wewe. Nina pasi nyekundu ya zamani na ya bluu mpya, nimezaa watoto wawili hapa, bado nikifika dirishani na hili jina langu lenye M na N zimefuatana naulizwa umekaa nchi hii muda gani dada. Mwenzangu Karen nyuma yangu katoka Dubai juzi (yule mtu wako mzee wa hesabu) hakuna anayemwuliza kitu.

Na msiseme ni hisia zangu. Kuna yule mzee wa Windrush (wale watu wa visiwa vya Karibiani waliohamia huku baada ya vita), magazeti yalimwita Albert Thompson ingawa si jina lake, kaja toka Jamaica kijana mwaka 1973, kafanya kazi, kalipa kodi, 2017 ana saratani anaenda kuanza mionzi anaambiwa lete ushahidi wa makazi au lete paundi 54,000. Hakuwa mgeni! Miaka 44! Alikosa tu karatasi. Mpaka kelele zikafika bungeni ndo akatibiwa. Huo ndo mtego unaotegewa wageni, ananaswa mwenyeji mweusi.

Na hela yenyewe tunayoigombania ni kiasi gani? Utafiti wa serikali wenyewe wa 2013 ulisema wanaokuja makusudi kutibiwa na wanaotumia mwanya wanagharimu kati ya milioni 110 na 280 kwa mwaka. Kubwa eeh? Bajeti yenyewe ilikuwa inapita bilioni 100. Ni kama kufukuzana na mwizi wa kiberiti wakati ghala lina tundu.

mzee_wa_hesabu

Dada hapo kwa Thompson sina pa kujitetea, ilikuwa aibu. Ila kidogokidogo nayo ni hela, milioni 200 ni manesi wangapi, muulize mwenzetu wa usiku hapo juu wodi yake inakosa watu wangapi. Na ndo maana nasema itozwe kwenye visa, mwenye visa ya matembezi anajulikana tangu ubalozini, hakuna haja ya kusoma jina la mtu dirishani.

nesi_wa_zamu_ya_usiku

Leo tumepungua watatu 😂 ila msinitumie mimi kwenye hoja zenu.

mtoto_wa_mwisho

Nawashukuru wote, hata mnaonipinga. Nakiri sikujua kuwa hata Mwingereza anayeishi nje anachajiwa, hapo wife kanicheka sana maana nilikuwa nimeishikilia ile hoja ya ubaguzi, ingawa dada mkorofi kanirudishia nusu yake. Swali la mwisho, hii nisipolipa mama atanyimwa visa? Anataka kuja tena ubatizo wa mdogo.

mzee_wa_hesabu

Deni likifika paundi 500 na likakaa miezi miwili bila kulipwa, hospitali inapeleka jina Home Office (wizara ya mambo ya ndani, wanaotoa visa), na wao wanaweza kukataa visa kwa hilo tu. Kwa hiyo usikae kimya, kimya ndo kinachoua watu. Wapigie simu, omba mchanganuo kama nesi alivyosema, halafu pendekeza mwenyewe kiasi cha kulipa kwa mwezi, hata 100, mkikubaliana kwa maandishi na ukawa unalipa kweli hawana sababu ya kukupeleka mbele. Na soma ile karatasi uliyosaini. Kisheria mgonjwa ndo mdaiwa, lakini kama ulisaini kuwa utalipa wewe hiyo ni habari nyingine.

mtoto_wa_mwisho

Mrejesho wakuu. Nimewapigia, wamekubali 120 kwa mwezi. Kwenye mchanganuo vipimo viwili vya TB na kimoja cha Kovidi vilikuwemo, nimewaandikia barua pepe, wamesema watavitoa, nesi Mungu akubariki. Karatasi nayo nimeitafuta nikaipata chini ya kiti cha gari, nilisaini tu kwamba nimetafsiri maelezo kwa mama, basi.

Mama sijamwambia bili ni kiasi gani. Jana nampigia anasema nimsalimie sana yule daktari wa faili, eti katika madaktari wote wa kule ndo peke yake aliyevuta kiti akakaa.